Kidosho wa Embakasi aliyekosa wachumba

Wakazi wa Nairobi ambao wamekula chumvi kidogo watakumbuka starehe moja ya Jumapili ambayo haikumfilisi mtu. Baada ya kanisa na chakula cha mchana, familia nzima ilipanda basi hadi Embakasi kwenda kutazama ndege. Hakuna aliyekuwa na safari. Watu walisimama tu kwenye roshani ya wazi tuliyoiita "weving besi", wakatafuna njugu na kuwapungia mikono abiria wasiowajua.

Mimi nilipelekwa huko na baba mara ya kwanza mwaka wa 1973, nikiwa darasa la tatu. Viatu vya Krismasi vilikuwa vimeanza kunibana, na ndugu yangu mdogo alilia kutoka Makongeni hadi tulipofika. Hayo yote yalinitoka akilini nilipoiona ndege moja iliyoegeshwa peke yake, ndefu na nyembamba, mkia wake umesimama kama tanga la jahazi. Mabawa yake hayakuwa na kitu. Nilikuwa nimezoea picha za ndege zenye injini zinazoning'inia chini ya mabawa kama mapapai mtini. Hii ilikuwa na mabawa matupu, laini, yaliyorudi nyuma kama ya mwewe anayeshuka.

"Baba, injini zake zimekwenda wapi?" nikauliza.

"Ziko huko nyuma, mwanangu, karibu na mkia. Zipo nne. Hiyo ni VC10." Kisha akaongeza, kama mtu anayemwonyesha mgeni ng'ombe wake: "Hiyo ni yetu."

Baadaye kidogo ndege ile ilitambaa hadi mwisho wa uwanja, ikageuka, ikanguruma mpaka nikaziba masikio, kisha ikainua pua na kupaa kuelekea upande wa Athi. Tangu siku hiyo nimeona ndege nyingi na kupanda chache. Sijaona nyingine iliyonifanya nisahau viatu vinavyobana.

Mabishano kuhusu ndege iliyo nzuri kuliko zote tangu binadamu aanze kuruka hayana mwisho. Waingereza wazee watakutajia Spitfire, iliyoruka mara ya kwanza Machi 1936, yenye mabawa ya mviringo kama jani. Wamarekani watakwambia hakuna kama Constellation ya kampuni ya Lockheed, yenye mikia mitatu na mwili uliopindika kama wa pomboo. Vijana wa rika langu, nao, wataapa kwa jina la Concorde, ile iliyoruka kwa kasi mara mbili ya sauti hadi ilipostaafishwa mwaka wa 2003.

Sina ugomvi na yeyote kati ya hao. Lakini Spitfire ilitengenezwa kwa kuua, na uzuri wa kisu una mipaka yake. Concorde ilikuwa ya matajiri. Mwalimu wa shule au mwanafunzi mwenye msaada wa masomo hakuipanda asilani. VC10 iliwabeba watu wa kawaida: wanafunzi wenye makoti ya kuazima waliokuwa wakienda London kusoma, wafanyabiashara wa Bombay, akina mama waliokwenda kuwaona waume zao. Tena, jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa shuleni, sura yake ile haikubuniwa ili ipendeze. Ilitokana na tatizo la viwanja kama chetu cha Nairobi.

Hewa nyepesi ya Nairobi

Hapa naomba wanafunzi wanisikilize kwa makini, maana ndipo penye kiini cha mambo.

Uwanja wa Embakasi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu, hewa hupungua uzito. Siku yenye jua, hewa ya Nairobi huwa nyepesi kuliko ile ya kawaida ya pwani kwa karibu sehemu moja kwa tano. Kwa mtu anayetembea si kitu. Kwa ndege ni balaa maradufu. Kwanza, bawa huinua ndege kwa kusukuma hewa, na hewa ikiwa nyepesi bawa hupata kidogo cha kushikilia. Ndege hulazimika kukimbia kwa kasi zaidi ardhini kabla ya kupaa. Pili, injini nazo hula hewa hiyo hiyo, hivyo nguvu zake hupungua wakati ule ule zinapohitajika zaidi. Mfano wake ni matatu iliyojaza watu na magunia ikipanda mteremko wa Limuru: inahema na kulia, na makanga anawaomba wanaume washuke.

Kwa hiyo ndege za mwanzo za jeti zilizotoka Ulaya zilipata taabu katika miji ya juu na yenye joto. Johannesburg iko juu zaidi ya Nairobi. Entebbe nayo haiko chini. Ndege ilipaswa ama kuwa na njia ndefu sana ya kurukia, ama kuacha baadhi ya abiria, mizigo au mafuta. Boeing 707 ya Wamarekani, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 1958, ilikuwa ndege hodari, lakini ilipenda njia ndefu.

Shirika la ndege la Uingereza wakati huo, BOAC, lilikuwa na safari nyingi za kwenda katika makoloni na nchi zilizokuwa makoloni: Lagos, Kano, Nairobi, Johannesburg, Karachi, Singapore. Likaiomba kampuni ya Vickers-Armstrongs itengeneze jeti itakayoweza kutoka katika viwanja hivyo bila kuhema. Mkataba wa ndege 35 ulitiwa sahihi Januari 1958.

Wahandisi wa Vickers, chini ya Sir George Edwards, walianza kwa kulifikiria bawa. Bawa la ndege nyingi hukatizwa na injini zinazoning'inia. Wao wakalitaka bawa zima lifanye kazi yake bila kuingiliwa. Mbele yake, kutoka karibu na mwili hadi karibu na ncha, wakaweka vibao vinavyoteleza kwenda mbele ndege inapopaa au kutua. Nyuma wakaweka flapu kubwa, yaani mapana yanayoteremka na kuliongeza bawa ukubwa. Vyote vikifunguliwa, bawa hugeuka kuwa kama kiganja kilichokunjuliwa.

Basi injini zikawekwa wapi? Nyuma kabisa, mbili kila upande. Zilikuwa Rolls-Royce Conway, zenye nguvu nyingi kwa wakati wake. Na kwa kuwa injini zimekaa mahali ambapo kwa kawaida huwekwa bawa dogo la mkiani, bawa hilo likapandishwa juu ya mkia wenyewe, likawa kama herufi T. Hivyo ndivyo kidosho alivyopata umbo lake: bawa tupu kwa sababu ya hewa ya Nairobi, injini nyuma kwa sababu ya bawa, mkia mrefu kwa sababu ya injini. Ukibadilisha kimoja, vyote vinaharibika.

Kulikuwa na zawadi nyingine ambayo abiria waliifurahia zaidi. Kelele za injini ziliachwa nyuma. Aliyeketi sehemu za mbele aliweza kuongea na mwenzake kama wako sebuleni. Waliokuwa nje, wacha Mungu awasaidie! Conway nne zikiwashwa kwa nguvu zote, vioo vya madirisha vilitetemeka hadi mitaa ya mbali.

Ndege ya kwanza iliruka Juni 29, 1962, kutoka Brooklands, mji wa Weybridge, kusini-magharibi mwa London. Rubani alikuwa Jock Bryce na msaidizi wake Brian Trubshaw, yule yule ambaye Aprili 1969 aliiongoza Concorde ya kwanza kujengwa Uingereza. Njia ya kurukia ya Brooklands ilikuwa fupi ajabu, takriban mita 1,200 tu, lakini ndege ile kubwa ilipaa bila wasiwasi na kwenda kutua Wisley, uwanja wa jirani. Aprili 29, 1964 ikaanza kazi ya kubeba abiria, London hadi Lagos. Mwaka uliofuata ikaja iliyorefushwa, Super VC10, yenye urefu wa mita 52 na uwezo wa kupaa ikiwa na uzito wa tani 152.

Kizuri chajiuza?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa VC10 wahenga hawakupatia. Boeing 707 za abiria ziliuzwa zaidi ya 800. VC10, za aina zote mbili, na ukihesabu hata ile ya majaribio, zilijengwa 54 peke yake. Kulikoni?

Kisa cha kwanza ni saruji. Wakati wahandisi wa Vickers wakikuna vichwa kutafuta bawa linaloweza kutoka katika uwanja mfupi wa mlimani, serikali nyingi za Afrika na Asia zilikuwa zikirefusha viwanja vyao ili 707 iweze kutua. Hakuna aliyetaka mji wake upitwe. Njia ikiwa ndefu, 707 haikuwa na taabu tena, na ile hekima yote iliyotiwa katika bawa la VC10 ikawa kama mwavuli mzuri siku ya jua. Gharama ya hekima hiyo ilibaki pale pale. Kubeba injini nyuma na bawa juu ya mkia kulihitaji mwili na mkia wenye nguvu zaidi, yaani wenye uzito zaidi, na uzito hunywa mafuta. Kwa kila abiria, VC10 ilitumia mafuta mengi kuliko mpinzani wake.

Kuhusu viwanja, siwezi kupita bila kusema neno moja juu ya chetu. Embakasi ilifunguliwa mwaka wa 1958, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na wafungwa na mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari, watu waliokamatwa katika vita vya Mau Mau. Walichimba na kubeba mawe kwa mikono chini ya bunduki. Tulipokuwa tukila njugu zetu pale juu na kushangilia jeti, wengi wetu watoto hatukujua tunatazama nini chini ya magurudumu. Baba alijua, kwani mmoja wa wajomba zake alikuwa kati yao. Alinieleza nilipokuwa mtu mzima.

Kisa cha pili cha kukosa wachumba ni maneno ya nyumbani. BOAC ndiyo iliyoagiza ndege hii itengenezwe, lakini hata kabla haijaanza kazi wakubwa wa shirika walikuwa wakilalamika hadharani kwamba itawatia hasara. Mwaka wa 1964 mwenyekiti mpya, Sir Giles Guthrie, alitaka kufuta oda yote ya Super VC10 na kununua 707. Serikali ya Uingereza ikaingilia kati, na mwishowe BOAC ikachukua Super 17 pamoja na 12 za aina ya kwanza. Sasa fikiria, msomaji: baba wa bibi harusi akisimama sokoni na kutangaza kwamba binti yake ni mgonjwa na mvivu, nani atapeleka posa?

Ajabu ya Musa ni kwamba abiria walifanya kinyume cha wahasibu. Super VC10 za BOAC zilijaa kuliko 707 za shirika hilo hilo. Watu walikuwa tayari kungoja safari nyingine ili wapande ile tulivu.

Na ilikuwa na mbio. Mwaka wa 1979 VC10 ilivuka Bahari ya Atlantiki kutoka New York hadi Uingereza kwa saa 5 na dakika 1. Hakuna ndege ya abiria iliyokwenda chini ya kasi ya sauti iliyovunja rekodi hiyo mpaka Februari 2020, wakati Boeing 747 ya British Airways iliposukumwa na upepo wa dhoruba.

Mchumba mmoja mwaminifu

Super VC10 zilizojengwa zilikuwa 22. Kumi na saba zilikwenda BOAC. Tano zilizobaki zilinunuliwa na shirika moja tu duniani, nalo ni East African Airways.

Kwa wasomaji vijana, East African Airways lilikuwa shirika la Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Lilianzishwa 1946 wakati wa ukoloni, likapata jeti zake za kwanza, Comet mbili, mwaka wa 1960, na baada ya uhuru nchi tatu zikaendelea kulimiliki. Makao yake yalikuwa Nairobi. Lilipoamua kununua Super VC10, liliagiza za aina ya pekee zenye mlango mkubwa wa mizigo ubavuni na sakafu iliyoimarishwa, ili abiria na shehena visafiri pamoja.

Ya kwanza iliwasili mwaka wa 1966. Ukitaka kujua jinsi ndugu watatu walivyogawana mali, tazama nambari za usajili. Ya kwanza iliandikishwa Uganda, 5X-UVA. Ya pili Tanzania, 5H-MMT. Ya tatu Kenya, 5Y-ADA. Mwaka wa 1969 ikaja nyingine ya Uganda, 5X-UVJ, na mwaka wa 1970 nyingine ya Tanzania, 5H-MOG. Hiyo ya tano ilikuwa VC10 ya mwisho kabisa kutoka kiwandani. Baada yake mitambo ilizimwa.

Kwa hiyo baba hakukosea aliposema "yetu". Ndege ambayo tatizo la mji kama wetu liliiumba, ambayo nchi tajiri ziliikataa, ilikuwa na jina la Afrika Mashariki ubavuni. Ilikwenda London, Roma, Bombay na kwingineko, na ilipotua Heathrow haikuwa mnyonge mbele ya yeyote. Najua kuna wasomi watakaosema fahari ya namna hii haijazi sufuria, na kwamba nchi maskini zilikuwa zikishindana kununua jeti wakati zahanati hazina dawa. Nawasikia. Lakini mimi nilikuwa pale roshanini, na nilimwona fundi cherehani wa Makongeni ambaye hakuwahi kupanda ndege akinyoosha mgongo.

Aprili 18, 1972

Haingekuwa haki kusimulia uzuri na kuacha msiba. Aprili 18, 1972, mwaka mmoja kabla ya siku yangu ya kwanza Embakasi, 5X-UVA ilikuwa ikiondoka Addis Ababa kuelekea Roma na London, safari iliyokuwa imeanzia Nairobi. Ilikuwa na watu 107. Ikiwa katika mbio za kupaa, gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichokuwa kimeanguka kutoka kwa ndege ndogo na kuachwa njiani. Tairi likapasuka. Rubani akaamua kusimamisha ndege, lakini breki hazikushika sawasawa, kwa kuwa sehemu moja ya mfumo wake ilikuwa imefungwa vibaya wakati wa matengenezo. Ndege ilipita mwisho wa njia, ikaporomoka na kushika moto. Watu 43 walikufa.

Addis iko juu kuliko Nairobi, zaidi ya mita 2,300. Ndege hii ilikuwa imeumbwa kwa viwanja kama hivyo, na bawa lake halikuwa na kosa siku hiyo. Kosa lilikuwa chuma kidogo njiani na kazi ya fundi isiyokaguliwa vyema. Baba alinisimulia habari hizo tukiwa ndani ya basi la kurudi nyumbani, kwa sauti ya chini ili mdogo wangu asisikie. Nikamuuliza kama bado angeipanda. Alifikiri kwanza. "Nikipata nauli," akasema.

Hakuipata kwa wakati. Bei ya mafuta duniani ilipanda mara nne kati ya mwisho wa 1973 na mwanzo wa 1974, na ndege iliyopenda mafuta ikawa mzigo kwa kila aliyekuwa nayo. Huku kwetu kulikuwa na ugonjwa mwingine. Nchi tatu zilikuwa zikizozana juu ya nani anadaiwa nini na nani amekalia fedha za nani. Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin. Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa zimefuata siasa tofauti za uchumi, na kila upande uliamini mwenzake ananyonya. Mwanzoni mwa 1977 shirika lilikwama kabisa. Januari 22 mwaka huo Kenya Airways ikaundwa, na Februari ikaanza kuruka kwa ndege za kukodi. Nazo zilikuwa Boeing 707! Tanzania ikaunda shirika lake Machi. Kabla mwaka haujaisha, Jumuiya yenyewe ilikuwa imevunjika.

Nakumbuka watu wazima wakibishana juu ya reli, posta na mpaka uliofungwa. Mimi nilikuwa na swali moja tu, na hakuna aliyelijibu: VC10 zimekwenda wapi?

Kutoka abiria hadi mafuta

Jibu nililipata miaka mingi baadaye. Ndege nne zilizobaki zilichukuliwa na kampuni iliyozitengeneza kwa sababu ya madeni, zikarudishwa Uingereza, na mwaka wa 1978 zikanunuliwa na jeshi la anga la nchi hiyo. Jeshi halikutaka abiria. Lilitaka ndege za kubeba mafuta na kuzinywesha ndege za vita angani zikiwa zinaruka. Viti viling'olewa, na mahali walipoketi wanafunzi na wafanyabiashara pakawekwa matangi makubwa ya mviringo. Hapo ule mlango wa mizigo ulioagizwa na Afrika Mashariki ukawa na faida isiyotarajiwa: matangi yaliingizwa kupitia humo, ilhali ndege ndogo tano zilizotoka Gulf Air zililazimika kupasuliwa mwili.

Zikapewa nambari mpya za kijeshi: ZA147, ZA148, ZA149 na ZA150. Zilianza kazi hiyo katikati ya miaka ya themanini na zikashiriki vita vya Ghuba vya 1991. British Airways ilikuwa imeachana na VC10 zake za abiria tangu Machi 1981. Za jeshi zikaendelea, mwaka baada ya mwaka, hadi 2013. Zetu zilikuwa na umri wa kati ya miaka 43 na 47.

Zilivyomalizika ni hivi. ZA148, yaani 5Y-ADA yetu ya Kenya, ilitua Newquay, katika jimbo la Cornwall, Agosti 2013. ZA150, ambayo ni 5H-MOG, ile ya mwisho kutoka kiwandani, ilirushwa hadi Dunsfold Septemba 24 na kukabidhiwa makumbusho ya Brooklands, mahali ukoo wote ulipozaliwa. Na kesho yake, Septemba 25, 2013, ZA147 ilipaa na kwenda kutua Bruntingthorpe. Hakuna VC10 nyingine iliyoruka tena tangu siku hiyo. Hiyo ZA147 ndiyo 5H-MMT ya Tanzania, iliyofika kwetu 1966 ikiwa mpya. Katika 54 zilizojengwa, safari ya mwisho ilikuwa ya mmoja wetu.

Baba alifariki mwaka wa 2009. Alikuwa amepanda ndege mara moja tu, Nairobi hadi Mombasa, kwenda arusini. Aliporudi nilimuuliza ilikuwaje. Akasema ilikuwa safi, ila injini zilikuwa mahali pasipofaa.

Kwa atakayepata nafasi ya kufika Uingereza, kwa masomo au kuwaona jamaa, Brooklands si mbali na London. Unapanda gari moshi hadi Weybridge. Pale kiwanjani ipo VC10 iliyokuwa ya Sultan Qaboos wa Oman, iliyotua hapo Julai 1987 kwenye njia ile ile fupi. Wageni huruhusiwa kuingia ndani na kuona viti vya kifalme. Ukitoka, pita nyuma, usimame chini ya mkia, kisha utazame juu.